Mshale Mwekundu Hauombi Huruma

Ininahazwe alimtambua kwa sauti. Uso hakuwahi kuuona. Kwa miaka yote waliyocheza mchezo wa hadithi kwenye kundi la WhatsApp, Fidele wa Kibondo alikuwa sauti tu: ilifungua mapango, ikanguruma kama joka, kisha ikauliza, "Haya, mnafanya nini?" Kila mchezaji alikuwa na mhusika wake, wa Ininahazwe akiitwa Mshale Mwekundu, na dadu iliamua nani anapona.

Sasa sauti hiyo ilikuwa mbele ya meza yake ya vitenge, katikati ya makelele ya soko la Kasulu.

"Mwakeye, mama," ilimsalimia kwa Kiha. "Hiki cha njano unakiuzaje?"

Shati lake la bluu lilikuwa limepigwa pasi vizuri, viatu vimejaa vumbi jekundu.

"Msimulizi wa majoka simpunguzii hata senti," alisema Ininahazwe, akimweka mtoto sawa mgongoni.

Kitenge kilimponyoka Fidele. "Mshale Mwekundu?"

"Alishakufa huyo."

"Hajafa. Ulitoka kwenye kundi, ukanifungia na simu."

"Venanti, mchezaji mwenzetu, alinieleza. Dadu ulikuwa unairusha huko kwako, sisi hatuioni, halafu unanitajia namba ya uongo ili nisife." Alikunja kitenge ambacho kilikuwa kimekunjwa tayari. "Mume alinifukuza. Darasa la jioni walinicheka, nasoma huku nanyonyesha. Mahali pekee niliposhinda kwa mkono wangu ni mle mchezoni. Siku nilipomuua Mfalme wa Majivu nilipiga vigelegele jikoni mpaka ugali ukaungua. Kumbe hata mle nilikuwa nahurumiwa."

"Niligeuza mara moja tu."

"Ipi?"

"Mwanao alipolazwa, ukacheza ukiwa wodini. Dadu ilisema joka limekumeza, mimi nikasema limekukosa. Hata leo ningefanya hivyohivyo. Lakini Mfalme wa Majivu ulimuua wewe."

"Nitajuaje?"

"Hakuna njia. Uniamini au usiniamini."

Mtu mwongo angekuwa na jibu zuri zaidi, Ininahazwe aliwaza.

"Ungeniacha nife, Fidele. Ningeanza upya na mhusika mwingine. Kuanza upya nakujua."

"Nilijua utaweza. Mimi ndiye nisingeweza kusimulia bila wewe."

Mteja aliuliza bei ya kanga, hakujibiwa, akaenda zake.

"Na umefikaje kwangu?"

"Nilijua unauza vitenge Kasulu, basi. Tangu asubuhi naulizia bei meza kwa meza, nisikie sauti yako."

Ininahazwe alicheka bila kupenda. Fidele akatoa mfukoni ile dadu yenyewe, ya mti, pande ishirini, aliyoichonga kwa kisu.

"Nataka kukuoa, mukundwa, mpenzi wangu. Irushe wewe, hapa hapa. Ikizidi kumi..."

Ininahazwe aliifunika kwa kiganja kabla hajamaliza.

"Irudishe mfukoni. Hili halirushiwi dadu. Jumapili baada ya ibada njoo Makere kwa baba. Atakwambia mchezo wenu ni wa mashetani. Atakwambia mwenye mtoto haolewi na mwanamume wa kwenye simu. Atakachosema uniletee kilekile, usikigeuze."

"Na akikataa?"

Ininahazwe alikikung'uta kitenge cha njano, akajitupia begani, akasimama wima mbele ya soko zima.

"Akikataa, anayeolewa ni mimi, na mimi nimeshakubali. Haya, toa hela ya kitenge. Nilikwambia sipunguzi."