Mpaka Ng'ambo ya Kerio

Rafiki yangu Gentrix, niliyefundisha naye Navakholo, alinisimulia haya akilia.

Mumewe, Osiako, alijiundia gari la spoti la viti viwili, la chini sana. Gentrix akiliendesha peke yake lilipita matuta bila shida. Wakiwa wawili, tumbo la gari lilikwaruza.

"Ni hiyo obusuma yako, Baba Tyson!" alizoea kumcheka mumewe kwa kupenda ugali.

Osiako alifia kazini Kabarnet, ng'ambo ya milima. Kwao roho ya aliyefia mbali hufuatwa, na kila mto unapovukwa marehemu huitwa kwa jina ili asibaki mtoni pamoja na wasioitwa. Baada ya mazishi, Gentrix alimfuata kwa gari lile lile. Pale alipofia alisema, "Osiako, twende nyumbani."

Akiteremka mlimani, kila tuta lilikwaruza. Alilia njia nzima, na katika kulia huko akavuka daraja la mto Kerio bila kumwita. Tuta lililofuata lilipita kimya.

Akageuza gari, akarudi darajani. Giza lilikuwa limeingia, na mto ulinguruma chini bila kuonekana. Akafungua mlango wa kushoto.

"Ingia, tafadhali," alisema, akasahau kutaja jina.

Springi zikalia, gari likashuka. Kisha likashuka tena, na tena, mpaka tumbo likalala juu ya lami.