Tembe za Shingo

Kila asubuhi kijijini Katelembo, Kavutha aliteka maji, akawasha jiko na kumkorogea mama yake uji kabla ya kwenda shule. Mama huyo, Mutanu, alikuwa fundi hodari wa kushona sare za shule. Akimaliza uji alimeza tembe ndogo, kisha akaketi kwenye cherehani. "Hizi ni za shingo," alizoea kusema, kwani tezi ya shingo yake ilikuwa imevimba.

Lakini miezi ya karibuni mambo yalimwendea kombo. Saa chache baada ya kula, jasho lilimtoka, mikono ikatetemeka na maneno yakamvurugika. Wateja walinong'ona kwamba amekunywa kaluvu, ile pombe ya asali. Uvumi huo ulimchoma Kavutha, maana mama yake, mwanakwaya, hakuwahi kuonja pombe. Siku moja Mutanu alianguka kando ya cherehani, akakimbizwa hospitali mjini Machakos.

Daktari Ndambuki alimpima damu. Sukari ilikuwa imeshuka mno, na insulini, kemikali ya mwili inayoshusha sukari, ilikuwa nyingi kupita kiasi.

"Huenda kuna uvimbe kwenye kongosho. Itabidi tukupasue," alisema. "Mama, unatumia dawa yoyote?"

Mutanu alijiinua kitandani kwa hasira. "Mimi? Daktari, mimi ni mtu wa kanisa! Sijawahi kutumia dawa!"

Kavutha alitambua kwamba mama ameelewa vingine. Kwao, mtu akisemwa kwamba "anatumia dawa", basi anaendea waganga. Mama alikuwa amekana uganga tu. Lakini ni mtoto gani angemsahihisha mzazi mbele ya daktari? Kavutha alikifikiria kisu cha kupasulia, woga wa kusema ukamtoka.

"Mwaitu, nisamehe," alimwambia mama. "Daktari, anatumia. Kuna tembe anameza kila siku, za shingo."

"Kavutha!" mama alifoka. "Hizo si dawa! Hizo ni za hospitali!"

Daktari alijizuia kucheka. Kavutha alitoa pakiti kwenye kikapu cha mama, naye daktari akalisoma jina la dawa kwa makini. Akaahirisha upasuaji na kupeleka damu Nairobi ikapimwe zaidi.

Majibu yaliporudi, aliwaita wote wawili. "Huu ni ugonjwa wa nadra," alieleza. "Mwili una askari wake wa kupigana na maradhi. Wako, mama, wamekosea. Wanaikamata insulini yako mwenyewe, kisha baadaye wanaiachilia kwa mpigo, na sukari inaporomoka. Tembe hizi zinaweza kuwachokoza askari hao."

Alimwachisha tembe zile, akampa tiba nyingine ya shingo, na kumwagiza ale kidogo kidogo mara nyingi na apunguze vitu vitamu. Polepole jasho na mtetemeko vikakoma, wala kisu hakikumgusa.

Januari ilipofika, wateja walijaa tena kupimwa sare. Mutanu alimvuta Kavutha kando ya cherehani, akamshika bega mbele ya wote, wakiwemo walionong'ona.

"Mkienda hospitali, semeni kila kitu mnachomeza, msifiche wala msione haya," alisema. "Na mtoto akisema ukweli, msikilizeni. Huyu alinikosoa mbele ya daktari, nami nikamfokea. Leo ninashona kwa sababu yake."

Kavutha aliinamisha kichwa, lakini tabasamu lilimshinda kulificha.