Vyuma vya Nusu Inchi

Ndugu zangu, mwaka wa 1954 walikuwako Chwele ndugu wawili walioishi boma moja kwa amani. Wanjala, mkubwa, alikuwa fundi wa kujenga. Wabwile, mdogo wake, alijua kuendesha injini. Wake zao walilima shamba moja. Basi wakapata kazi ya kinu cha kusaga mahindi karibu na soko: Wanjala ajenge, Wabwile aendeshe.

Wanjala akaenda Kitale kununua vyuma vya hesi, vile vyenye mikato ya kuzungushia nati, vinavyozikwa ndani ya konkriti vishike miguu ya injini. Gurdev, mwenye duka, akauliza uzito wa injini, akamwambia vinahitajika vya robo tatu ya inchi, navyo vingefika kwa garimoshi baada ya wiki mbili. Dukani vilikuwapo vya nusu inchi tu.

"Hivi ni vya kufungia milango, fundi," alisema. "Injini itavikata. Wewe ngoja."

Lakini Wanjala alikwisha kuwatangazia watu kwamba kinu kitasaga kabla ya Krismasi. Akaona haya kurudi mikono mitupu. Akachukua vya nusu inchi. Konkriti ikishakauka, nani angeviona?

Kinu kilisaga miezi mitatu. Wabwile akalalamika kwamba injini inatetemeka. Kaka yake akamjibu kwamba ni mpya, itatulia. Jumatatu moja vyuma vikakatika, injini ikapinduka, ikamwangukia Wabwile. Hospitalini wakamkata mguu juu ya goti.

Wanjala hakulia. Kila siku aliketi kando ya kitanda, akala alichopewa bila kusikia ladha. Watu walimpa pole, akaitikia. Nasambu, mke wa Wabwile, alimshukuru kwa kutomtupa mumewe. Akaitikia hilo pia.

Siku ya tisa Wabwile akamwuliza vile vyuma vilikuwa vya ukubwa gani.

"Nusu inchi."

"Na mwenye duka alikwambiaje?"

"Alisema injini itavikata."

Wabwile akatazama blanketi pale lilipolala bapa.

"Enda nyumbani," akasema. "Usirudi hapa."

Wanjala akachukua kofia yake. Alipofika nyumbani mkewe akauliza hali ya mgonjwa. Akajibu kwamba ni nzuri, akaketi. Mwaka huo ua ulipandwa katikati ya boma kutenga nyumba zao, na Nasambu akalima peke yake.

MAFUNZO

Wewe fundi, chagua chuma kwa uzito wa kazi, si kwa siku uliyowaahidi watu. Anayejua akikuonya, usinyamaze ukamweka mwenzako mahali pa hatari. Umechelewa? Sema umechelewa. Aibu ya Wanjala ingekwisha kwa wiki mbili. Mguu wa Wabwile haukurudi.