Polikarp Aziba Kijito

Kila kiangazi, Polikarp wa Mjimwema hulima kinyungu, yaani bustani ya bondeni. Mwaka ule alipanda kabichi karibu kabisa na kijito. Maji yalipopungua, akajenga tuta la udongo katikati ya kijito ili maji yaende bustanini. Kigingi cha manispaa cha kuonyesha mpaka wa kijito kilizuia toroli lake, naye akaking'oa.

Mkewe, Lukresia, alimwambia abomoe tuta kabla ya mvua. Polikarp alisema atalibomoa akishavuna. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Mvua ya kwanza ilikuwa kubwa. Maji yalikuta tuta, yakakosa njia, yakageukia nyumba ya jirani yao Aisha. Aisha, mama wa Nasrin, ni mjane anayeuza vitumbua. Ukuta wake mmoja ulianguka na unga wake wote ukaloa.

Polikarp alikimbia kusaidia. Alitoa vitanda, akazoa matope. Watu wakamsifu sana. Aisha naye akamshukuru mbele yao.

"Allah akulipe, baba Leo," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe.

Polikarp alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona aibu, lakini akaendelea kuzoa matope.

Kesho yake alikuja Hilda, afisa mazingira wa manispaa. Baadhi ya majirani walisema kosa ni la Aisha, kajenga bondeni. Wakataka nyumba ipigwe alama ya X, ahame. Hilda alitafuta kigingi, hakukiona. Akasema kama maji yanafika pale, huenda Aisha atahamishwa kweli. Aisha aliinamisha kichwa kama mkosaji.

Hapo Polikarp alishindwa kuvumilia.

"Mama Nasrin hana kosa," alisema. "Kijito nimekiziba mimi. Kigingi pia nimeking'oa mimi."

Lukresia alijifunika uso kwa khanga. Hilda hakufoka, na afadhali angefoka. Walikwenda pamoja kwenye tuta, Hilda akapima, akaona nyumba ya Aisha iko nje ya eneo la kijito.

"Mita sitini kila upande ni za mto," Hilda alieleza. "Kiangazi unaona pako wazi. Kifuku kikija na mvua zake, mto unadai nafasi yake. Manispaa tunaweka vigingi, tunasafisha mitaro, tunamletea mwenyekiti wa mtaa taarifa za mvua kubwa. Lakini hatuwezi kulinda kila kijito. Ukiona maji yamezibwa, mwambie mwenyekiti siku hiyohiyo."

Polikarp aliuliza alime wapi sasa. Hilda akamwambia alime nje ya vigingi, achote maji kwa ndoo, wala asizuie kijito tena.

Polikarp alibomoa tuta watu wakimtazama. Alirudisha kigingi, kisha akafyatua matofali na kujenga upya ukuta wa Aisha. Lakini kwa muda mrefu alipita njia ya nyuma, asikutane naye.

Kifuku kilichofuata, mwenyekiti alitangaza kuwa mvua kubwa inakuja. Wakazi wote wakazibua mitaro, Polikarp akiwa wa kwanza. Mvua ikanyesha kutwa nzima. Maji yalipita kijitoni, na nyumba ya Aisha ikabaki kavu.

Mvua ilipokatika, Aisha alimwita Polikarp anywe chai. Polikarp alisimama mlangoni, asithubutu kuingia.

"Karibu, baba Leo," Aisha alisema. "Mimi yale nimeshasahau."

"Mimi bado, mama Nasrin," Polikarp alijibu. Kisha akavua viatu, akaingia.