Salamu za A-Lan

"Dada! We dada mwenye koti jekundu! Huo mwavuli ni wangu!"

Yun-hsi aligeuka katikati ya soko la samaki la mji wa bandari wa Keelung, mvua ikimwagika na wachuuzi wakigombania wateja. Mwanamume mrefu alikuwa akimkimbilia, nywele zimemganda usoni, mkononi kashika mwavuli wenye picha za paka.

"Huu wa paka nadhani ndio wako," alisema akihema. "Umeuacha pale kwenye banda la supu, ukaondoka na wangu mweusi."

"Sasa mbona umelowa hivyo? Si ungejifunika?"

"Nipite sokoni na mapaka haya? Watu wa bandarini wananijua mimi!"

Yun-hsi alicheka mpaka muuza kaa naye akacheka. Hazikupita saa nyingi wakakutana tena, safari hii katika ukumbi wa chuo walichosoma wote wawili kwa miaka tofauti. Wahitimu wa zamani walikuwa wameitwa kuwalea wanafunzi waliokuwa wakienda mafunzo ya kujitolea mitaani, kila mmoja akabidhiwe wake. Yule mwanamume, fundi wa winchi za bandarini, aliitwa Chih-yuan.

"Nipeni mwanafunzi yeyote," aliwaambia waandaaji, "ila si wa kupeleka chakula kule mlimani."

Basi, yule wa mlimani akaangukia kwa Yun-hsi: msichana mwembamba aitwaye Ting-ting, aliyepangiwa kuwapelekea chakula cha mchana wazee wanaoishi peke yao.

Mapenzi yaliwaingia taratibu. Chih-yuan alimpigia simu kila jioni akitoka kazini.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nangoja mtu aniambie njoo."

"Njoo basi, we mwombaji."

Lakini kulikuwa na mambo. Mvua ikizidi, Chih-yuan alinyamaza katikati ya sentensi na kukodolea macho dirisha, kama mtu anayesikiliza mlio wa kitu kinachokuja. Pikipiki hakupanda kamwe. Na kila Jumamosi mchana simu yake ilikuwa imezimwa. Yun-hsi alipouliza, alijibiwa, "Kuna mzee wangu mmoja namtazama," na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku moja Ting-ting akampigia.

"Dada, kuna bibi mmoja huku, Bibi Chiu, ananitisha. Ananiita A-Lan. Anaandaa mabakuli matatu mezani na anaishi peke yake! Majirani nao wanasema mvua ikinyesha husikika pikipiki ikipanda, ukitazama hakuna kitu. Dada, mimi sirudi."

"Usiache kazi, mdogo wangu. Jumamosi nitakwenda nikamwone."

Akapanda ngazi za mlimani zilizoota kuvu, mpaka kwenye mlango wa kijani. Alikuwa ameinua mkono kubisha aliposikia sauti anayoijua kuliko zote.

"A-Lan anakusalimu, Bibi. Kashindwa kuja, mafua yamembana."

"Mwambie avae nguo za joto. Na mtoto je? Mpaka lini?"

"Bado tunangoja, Bibi."

Yun-hsi alishuka zile ngazi bila kujua anakanyaga wapi.

Simu yake ililia jioni nzima. Alipoipokea, ilikuwa ni kwa hasira tu.

"Yun-hsi, nimekosa nini?"

"Kamuulize mkeo. Na umpe pole ya mafua."

Chih-yuan akauliza polepole, "Nani kakwambia?"

Hakukana. Yun-hsi akakata simu, akalia bila hata kuvua koti.

Ting-ting ndiye aliyemfungua macho, wakiwa mgahawani wanazungumzia mafunzo yake.

"A-Lan? Dada, picha yake imetundikwa kule kituoni tunakochukulia chakula. Alikuwa mwanafunzi wa kujitolea kama mimi. Pikipiki yake iliteleza siku ya kimbunga, akimpelekea chakula huyo huyo Bibi Chiu. Miaka sita sasa. Wanasema alikuwa na mchumba, walikuwa karibu kuoana."

Chai ilipoa mbele ya Yun-hsi. Alitazamia kufurahi, badala yake akaogopa. Mke aliye hai unaweza kugombana naye. Huyu angemwambia nini? Huyu hazeeki, hakosei, na kila Jumamosi anatuma salamu.

Jumamosi iliyofuata alirudi mlimani. Mlango ulikuwa wazi. Chih-yuan alikuwa mezani na yule bibi, bakuli la tatu likifuka moshi mbele ya kiti kitupu. Bibi Chiu akainua uso.

"A-Lan! Umekuja!"

Chih-yuan alimtazama Yun-hsi kwa macho ya kusihi. Kukubali kulikuwa rahisi, neno moja tu, kisha akae kwenye kile kiti.

"Mimi siye A-Lan, Bibi," alisema. "Naitwa Yun-hsi. A-Lan sikumjua."

Bibi Chiu akaweka vijiti vyake chini.

"Afadhali amekuja mtu wa kusema," alisema. "Nilikwenda mazikoni kwake. Huyu kijana hakuniona, siku ile hakuwa akiona mtu. Halafu akaja hapa na salamu."

"Bibi," Chih-yuan alinong'ona, "ulikuwa unajua?"

"Kichwa changu kinapotea siku nyingine, lakini hilo halijapotea. Ni mimi niliyempigia simu, mwanangu. Upepo unang'oa mabati, na mimi nikampigia nikamwambia nina njaa. Wala sikuwa na njaa. Nilikuwa naogopa kukaa peke yangu." "Kwa hiyo ulipokuja na salamu nilizipokea. Kila wiki nikawa nasikia kwamba yu mzima, kwamba sikumuua."

Chih-yuan alipiga magoti, akaishika mikono ya bibi.

"Amekufa, Bibi," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake. "A-Lan amekufa. Si wewe uliyemuua." Wakalia wote wawili. Yun-hsi akasimama ukutani, hajui aondoke au abaki, akabaki.

Walipokuwa wakishuka ngazi, Chih-yuan alisema, "Niliogopa kukwambia. Nikisema, atakuwa amekufa kweli."

"Sikuombi umsahau. Ila sitaki unitazame kisha umwone mwingine. Mvua ikinyesha, niambie unachosikia. Usininyamazie."

"Nasikia pikipiki," alisema. "Hata sasa."

Yun-hsi alisimama, akasikiliza pamoja naye. Yeye alisikia maji tu. "Haya," akasema, akamshika mkono. "Nipeleke kaburini kwake."

Walikwenda mwezi wa nne, siku watu wanapofagia makaburi. Kilima kilijaa moshi wa ubani na familia zilizobeba matunda. Yun-hsi alikuwa amevaa gauni la kijivu, akihisi mtu yuko nyuma yake kila alipopiga hatua. Kaburini alikuwapo mama mmoja amechuchumaa, anang'oa majani. Sura ilikuwa ile ya picha aliyokwenda kuiona kituoni, imezeeka tu.

"Mama," alisema Chih-yuan, "huyu ni..."

Mama yake A-Lan alimtazama Yun-hsi kwa muda mrefu, kuanzia viatu hadi macho. Kisha akavua glovu moja iliyojaa udongo, akampa.

"Mimi nimechoka kiuno," alisema. "Anza upande ule, mwanangu. Kule majani ni mengi."