Siku Niliyomtoa Kocha Uwanjani Mbele ya Mke Wake

"Msimwinue! Mwacheni hapo hapo!"

Sauti hiyo ilikuwa yangu, jamani. Mimi Kyomuhendo, ambaye hata dukani naona bora nionyeshe kwa kidole kuliko kuongea.

Nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja na ndala zangu, chupa za maji zimenianguka zote. Mbele yangu Ssewanyana amelala chali. Macho wazi, lakini haoni kitu.

Na aliyekuwa akimvuta mkono ainuke arudi kucheza... ni Kocha. Mtu aliyenitendea wema kuliko wote Maskati hii.

"Toka hapa!" akaniambia.

"Sitoki, Kocha."

"Toka, we msichana!"

Nikawageukia watu. Wachezaji, refa, familia zao zilizokaa kwenye mikeka, na mke wake mwenyewe, Mama Mahbuba. Nikalisema neno nililoapa sitalisema.

"Msimsikilize! Kocha ni mgonjwa! Hata majina yenu hayajui!"



Kisha nikapigwa kofi.

Ngojeni niwaeleze tulifikaje hapo.

Kocha anaitwa Treva. Ni Mwingereza wa kaskazini, mji wa mvua na baridi, baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Ujanani alicheza ragbi, ile ya watu kumi na watatu. Ukiangushwa unainuka hapo hapo, unaurudisha mpira nyuma kwa mguu, mchezo unaendelea. Hakuna kupumzika.

Yeye alikuwa winga. Winga anakaa pembeni kabisa, jirani na mstari.

"Kazi ya winga ni kungoja," aliniambia siku moja jikoni, kwa Kiswahili chake cha kukwama kwama alichofunzwa na mkewe. "Baridi inakula wewe. Mpira haiji. Ikija... kimbia kama umeiba!"

Picha zake ziko sebuleni. Nywele ndefu, meno mawili hayapo, amepaa hewani karibu na kona, mpira kifuani. Mama Mahbuba anasema kule kwao watu walimwimbia jina lake uwanja mzima.

Goti likaharibika, akawa kocha. Klabu ya kwanza ikamfukuza. Ya pili ikafilisika. Ndipo akaja huku Oman kufundisha michezo shuleni, akakutana na Mama Mahbuba, mwalimu mwenzake, ambaye wazee wake walitoka Unguja. Akasilimu, wakaoana. Mtoto hawakujaaliwa.

Mtoto wao ikawa timu.

Timu yenyewe ungeiona ungecheka! Walinzi wa Kiganda, mafundi gereji wa mtaa wa Wadi Kabir, vijana wa Kiomani wa maofisini. Mlinzi anamwangusha afisa mchangani, afisa anainuka anasema shukran.

Mimi nilikuwa mfanyakazi wa ndani, nyumba yao ya mtaa wa Ghubra. Shule niliachia darasa la tano kwetu Uganda, Kiswahili nilikiokota Nairobi kwenye majiko ya watu. Mama Mahbuba ndiye aliyenipa kazi ya pili.

"Kyomu mwanangu, Ijumaa ufuatane na Kocha uwanjani, uwapelekee maji. Mimi jua linanshinda."

Nikaenda.

Ijumaa moja ya mwezi wa Ramadhani, usiku baada ya futari, tulifika kwenye mzunguko wa barabara. Kocha akauzunguka. Akauzunguka tena. Mara ya tatu akasimamisha gari pembeni.

"Kyomu... uwanja uko wapi?"

Nikacheka. Nilidhani utani.

Hakucheka. Mikono imeshika usukani kama mtu anayeogopa kuzama.

"Kulia, Kocha," nikasema polepole. "Halafu moja kwa moja."

Tulipofika hakushuka.

"Usimwambie Mahbuba."

"Kwa nini, Kocha?"

"Akijua, atanitoa kwenye timu. Bila timu mimi ni nani?"

Nikaapa.

Toka siku hiyo nikawa kichwa chake cha pili. Kwenye ragbi mbeba maji anaruhusiwa kuingia uwanjani mpira ukisimama, na ndiye anayepeleka maneno ya kocha. Basi Kocha ananiita kama anataka kunywa, ananiinamia sikioni.

"Yule mrefu?"

"Mutasim."

"Yule kifua?"

"Nasr, Kocha."

Kisha anapaza sauti: "Mutasim! Nasr! Sogea!" Na watu wanasema mashallah, Kocha wetu hana mchezo.

Lakini macho ya watu, jamani! Jirani mmoja, Bi Hajar, alishaanza.

"Mahbuba, huyu Mganda wako ana nini na mumeo? Kutwa masikioni!"

"Mwache," Mama Mahbuba akamjibu akipuliza kahawa yake. "Wewe wako hata wa kumnong'oneza hana."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Ikaja fainali, na timu ya Sohar. Siku hiyo hata Mama Mahbuba alikuja.

Winga wetu ni Ssewanyana, mlinzi wa ghala moja Wadi Kabir. Mtu wa maneno mengi huyo!

"Dada Kyomu, leo nikifunga unanipikia matoke?"

"Matoke Maskati nitayatoa wapi?"

"Hiyo ni shida yako. Yangu ni kufunga!"

Alingoja pembeni kama Kocha alivyomfundisha. Mpira ukaja. Akakimbia, wallahi alikimbia, na vumbi nyuma yake. Mita chache kabla ya mstari, jamaa wa Sohar akamwingia na bega.

Likampata kichwani.

Nilisikia mlio. Kama nazi kwenye sakafu.

Sasa sikilizeni. Hakuna kocha aliyekuwa mkali kwa habari ya vichwa kama yeye. Ukigongwa kichwa unatoka, ukibisha hurudi mwezi mzima. Kwa hiyo alipokimbia kuingia uwanjani, wote tulijua anakwenda kumtoa.

Akapiga goti. Akampiga Ssewanyana vibao vidogo shavuni. Akaanza kufoka kwa Kiingereza cha kwao, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti nzito ya mzee mkali.

"Inuka! Huna kitu wewe! Inuka, Treva! Unalia kama mtoto? Simama, Treva!"

Treva...

Alikuwa anajiita mwenyewe.

Kiingereza changu ni cha la tano, lakini hayo niliyaelewa. Hayo maneno hayakuwa yake. Ni maneno aliyofokewa yeye, kila alipoanguka, miaka ile watu wakiimba jina lake.

Nahodha wetu Wael akasita. "Kocha... kweli arudi?"

"Ainuke!"

Kocha akisema, timu ile inatii. Wakamshika mabega. Na Ssewanyana naye, ulimi mzito, "Niko sawa, Kocha... niko..." huku mkono unaitafuta ardhi na hauipati.

Nikakimbia. Yaliyofuata mmeyasoma hapo juu.

Kofi lilikuwa la Mama Mahbuba.

"Mwana hizaya we! Mume wangu unamvua nguo mbele za watu?"

Papo hapo Ssewanyana alianza kutapika, kisha mwili mzima ukamtetemeka. Watu wakapiga kelele, gari la wagonjwa likaitwa.

Kocha alibaki amepiga goti pale pale, akiangalia mikono yake.

Hospitali, daktari alitoka akatuambia damu imevuja ndani ya fuvu, wanampasua sasa hivi.

"Alirudi kucheza baada ya kugongwa?" akauliza.

"Hapana," Wael akajibu.

"Mshukuruni Mungu. Pigo la pili lingemuua."

Nilikuwa nimekaa chini ukutani. Mama Mahbuba akaja akakaa chini hapo hapo, na abaya lake zuri, sakafuni.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Nirudishe kwetu tu. Sitalalamika."

"Umelijua tangu lini?"

"Tangu Ramadhani iliyopita."

Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo linanikata.

"Mie nnalijua tangu Ramadhani ya kabla yake."

Nikamwangalia.

"Unadhani timu nzima ile ilikuwa haina wa kubeba maji? Nilikutuma wewe makusudi. Nilikuona una macho na huna maneno. Nikasema, huyu atamshika mkono, na wala hatasema."

"Sasa mama... kwa nini hukumpeleka kwa daktari?"

Machozi yakamtoka.

"Nilimwonea haya, Kyomu. Nilitaka kumsitiri. Mtu aliyeimbwa vile, aambiwe akili zinamtoka? Yeye ananificha mie, mie namficha yeye, na wewe unatuficha sote. Sitara gani hii? Nusura tumuue mtoto wa watu!"

Akaweka kiganja chake kwenye shavu alilonipiga. Akakiacha hapo. Tukalia wote wawili, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Kocha naye alipimwa. Walisema ni ile migongano ya ujanani, mwaka baada ya mwaka, kichwa hakijapona huku kinagongwa tena. Dawa ya kumrudisha hakuna. Lakini angeletwa mapema, walisema, angeweza kupanga mambo yake na kuiaga timu yake akiwa bado anaijua.

Hakuiaga.

Ssewanyana alitoka hospitali kichwa kimenyolewa, mshono kutoka sikio hadi utosini. Ijumaa moja baada ya swala timu nzima ikaja Ghubra kumwona Kocha. Walikaa sebuleni kwa adabu kama wakwe. Kocha aliwapa mikono mmoja mmoja, kwa heshima, kama wageni.

Kwa Ssewanyana akasimama. Akaugusa ule mshono.

"Umefanya nini, kijana?"

Ssewanyana, yule wa maneno mengi, aliinamisha kichwa.

"Niligongwa kwenye mchezo, Kocha. Mimi ni winga."

"Ah! Mimi pia winga!" Uso ukamng'aa. Kisha akainama karibu. "Kocha wako alikutoa?"

Mama Mahbuba alishika mlango.

"Ndiyo," Ssewanyana akasema. "Alinitoa."

Kocha akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akampigapiga begani.

"Huyo kocha mzuri. Mshike sana." Akageukia dirishani. "Wangu hakunitoa."

Ssewanyana alikwenda kulilia uani. Mimi nilikimbilia jikoni, nikafungulia maji ya bomba ili nisisikike.

Ndugu zangu mnaosoma, mimi sijasoma na si mtu wa kushauri watu. Ila kumsitiri mtu si kumnyamazia. Mzee wako akianza kupotea njia ya nyumbani, usimcheke na usimfiche, mpeleke apimwe wakati bado anakujua jina. Na mwenzako akigongwa kichwa akakuambia yuko sawa, usimwamini.

Mtoe. Atakuchukia, watu watakupiga kofi. Mtoe tu.