Namba ya Gundi

Kila alipotoka shule, Chiriku alimkuta baba yake sebuleni, magoti yote mawili yamefungwa vifuko vya barafu, miguu mirefu imeziba njia. Siku nyingine aliiruka huku akisimulia habari za darasani bila kumeza mate. Ndiyo maana akaitwa Chiriku. Wiki ile aliizunguka kimyakimya, amenuna.

Sababu alikuwa nayo. Baba alikuwa mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu, lakini si wa kubandikwa picha ukutani. Aliitwa pengo likitokea, akaagwa pengo likizibika. Hii ilikuwa timu yake ya tisa, na kwa Chiriku, shule ya sita. Sasa kocha alikuwa amemwambia, "Jumamosi nitakuingiza. Nikiridhika, tutasaini mkataba. Nisiporidhika, ndugu yangu, tusipotezeane muda."

"Na mimi ndio kwanza nimechaguliwa mhusika mkuu kwenye igizo!" Chiriku alilalamika. "Kila nikizoea watu, tunafunga mabegi."

"Hata mimi nimechoka, mwanangu." Baba akamrushia jezi. "Nisaidie hii."

Timu haikuwa na jezi mpya. Baba alipewa ya mchezaji aliyehama, na namba ya mchezaji huyo ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Ilibidi kufumua ile ya mgongoni, mshono kwa mshono, na kushona nyingine. Kazi hiyo Chiriku aliijua vizuri. Kopo la Baba la sindano na nyuzi lilikuwa limezunguka nao timu zote.

Lakini wenzake wa igizo walikuwa wanamsubiri. Nyuzi zilikuwa ngumu, sindano ikamchoma kidole, hasira zikampanda. Akachukua wembe, akakata, akavuta, chwa! Namba ikatoka pamoja na kipande cha jezi. Likabaki tundu la kupitisha ngumi. Akabandika namba mpya juu yake kwa gundi ya shule, akatimua mbio.

"Umeshona?" Baba aliuliza jioni.

"Nimeshona."

"Imara?"

"Aa, Baba, si nimeshakwambia!"

Jumamosi, Baba alisota benchi robo tatu nzima. Wenzake walimwita Babu, maana alikuwa na miaka thelathini na minne. Alipoingizwa robo ya mwisho, alizuia mipira miwili papo hapo. Kisha jasho likafanya yake. Namba ikalegea, ikaning'inia, ikaanguka sakafuni.

"Babu anabambuka!" shabiki mmoja alipiga kelele, na jukwaa zima likaangua kicheko.

Refa akapuliza filimbi. "Bila namba huchezi. Toka!"

Baba akaokota kile kitambaa, akakigeuza, akaiona gundi. Akafumba macho.

"Uzembe gani huu?" kocha akafoka.

"Kosa langu, kocha. Sikukagua."

Chiriku, aliyekaa safu ya mbele, angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini yale maneno, "kosa langu," hayakuwa ya Baba kuyasema. Akaruka hadi benchi.

"Si yeye, kocha! Nilichana jezi mimi, nikabandika kwa gundi, nikamdanganya."

Kocha akamtazama, akaitazama saa. Zilibaki dakika sita. "Kushona kwenyewe unajua?"

"Najua."

"Basi shona!"

Baba akapiga magoti, yakalia ko-ko. Chiriku akatoa kopo begini mwa Baba, akaanza kushona mgongoni pake huku wapinzani wakizidi kufunga.

"Muda unaisha, Baba!"

"Acha uishe. Usiharakishe. Shona."

Alirudi uwanjani zikiwa zimebaki dakika mbili. Hakufunga hata kikapu kimoja. Mpira wake pekee uligonga ukingo, akapiga ngumi hewani kwa uchungu. Lakini mfungaji hatari wa wapinzani, aliyekabwa naye, pia hakufunga tena. Timu ya Baba ikashinda kwa pointi moja.

"Mwaka mmoja," kocha alisema. "Ningekuona dakika zote, labda ningekupa miwili."

Njiani Chiriku hakuthubutu kuinua uso. "Umenikasirikia?"

"Sana," Baba alijibu. "Mimi si nyota, mwanangu. Timu tisa hazikunichukua kwa kufunga. Zilinichukua kwa sababu nikisema nimefanya, nimefanya. Ungeniambia siku ileile, tundu lile tungelitia kiraka nusu saa tu. Jezi kuchanika si neno. Lakini ile 'nimeshona' yako haikuwa na uzi hata mmoja. Usiniambie tena neno la namna hiyo."

"Sitakwambia, Baba."

Nyumbani, kabla ya kula, Chiriku alifungua kopo, akatafuta kiraka.